Mbwa mwenye nywele za singa

Siku mbwa yule alipoingia nyumbani kwetu Tanga, baba alikuwa ameketi barazani na redio yake. Hakumwita wala hakumpigia mluzi. Alinyoosha mkono, akashika fungu la nywele za mgongoni kwa kidole gumba na cha shahada, akaliteremsha taratibu hadi nchani, kisha akalisugua kidogo kama mtu anayekagua noti.

"Haya si manyoya," alisema. "Hii singa."

Baba ni mtu wa mkonge. Babu yangu alikuja Tanga kutoka Songea akiwa manamba, akakata majani mashambani. Baba akaingia kiwandani, na miaka yake mingi ilimalizikia katika chumba cha brashi. Huko ndiko singa huletwa zikishachunwa kwenye mashine ya korona, zikaoshwa na kuanikwa juani. Hupigwa brashi vumbi litoke, zinyooke, zing'ae, ndipo zipangwe madaraja na kufungwa marobota. Wanaofanya kazi ile hukagua kwa vidole kabla ya macho. Basi jina la Kizungu lililoandikwa kwenye kadi ya chanjo ya mbwa yule halikudumu hata wiki. Akaitwa Singa.

Nilipewa na familia ya kigeni iliyokuwa imemaliza mkataba na inarudi kwao. Alikuwa jike wa miaka 4, aina ya teria wa Yorkshire, au Yorkie kama wengi wanavyofupisha. Tulimtia kikapuni, tukaning'iniza kikapu kwenye mizani ya ndoano: kilo 2.7. Jogoo wa jirani alimshinda uzito. Sasa ana miaka 9, na mengi ninayoandika hapa nimejifunza kwake, kwa daktari wa mifugo anayemtibu, na kwa baba.

Nilipoanza kumtafutia asili nilidhani nitaishia kwenye kasri fulani. Wapo mbwa wadogo wa namna hiyo; Pekingese, kwa mfano, alilelewa ndani ya kuta za wafalme wa China. Singa hakutoka huko. Ukoo wake umetoka viwandani.

Katikati ya karne ya 19, viwanda vya sufu na pamba vya kaskazini mwa Uingereza, katika majimbo ya Yorkshire na Lancashire, vilikuwa vinahitaji mikono kila siku. Kutoka Scotland waliteremka watu wengi, wakiwamo wafumaji waliokuwa wakifuma majumbani kwa mkono na ambao mashine zilikuwa zimewanyang'anya soko. Walihamia Bradford, Halifax, Leeds na Huddersfield na watoto wao, vyombo vyao, na vijibwa vyao. Vijibwa hivyo vilikuwa vya jamii ya teria, neno lililotokana na "ardhi" kwa Kifaransa, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kumfuata mnyama mpaka ndani ya shimo lake. Huko kusini vilichanganyika na teria wa wenyeji. Wanaofuatilia nasaba hii hutaja teria wa Paisley, wa Skye na yule aliyeitwa Waterside, lakini hakuna daftari. Wenye mbwa walikuwa vibarua wa viwanda na migodi ya makaa ya mawe; hawakuwa na muda wala sababu ya kuandika nani kampanda nani.

Walichokitaka kilikuwa wazi. Kiwanda cha nguo kina panya, mgodi una panya, na vyumba vya kupanga vya wafanyakazi wakati ule vilikuwa na panya wengi zaidi. Chumba kimoja hakina nafasi ya mbwa mkubwa, na mshahara wa wiki haumlishi. Ilitakiwa mbwa anayeweza kupenya chini ya mashine, anayekula kidogo na asiyeogopa. Hayo yote ni ya kawaida kwa teria yeyote. La ajabu ni zile nywele: ndefu, laini, nyoofu, zinazoshuka pande zote mbili za mgongo kama zimegawanywa kwa rula. Watu wa zamani walitania kwamba mbwa huyu ametolewa kwenye mtambo wa mfumaji. Nilipomsimulia baba hakucheka. Aliona ni jambo la kueleweka kabisa. Mtu aliyeshinda na uzi mchana kutwa, alisema, hawezi kumshika mbwa jioni asipime uzi wake. Na akishaupima, atataka mtoto wa mbwa huyu apandishwe na mtoto wa yule.

Baba wa ukoo wote alizaliwa Huddersfield mwaka 1865 na akaitwa Huddersfield Ben. Alimilikiwa na mwanamke wa Bradford, Bi Foster, aliyemzungusha kwenye maonyesho ya mbwa na mashindano ya kuua panya, na Ben akawa anashinda kotekote. Aligongwa na gari la farasi mwaka 1871, akafa akiwa na miaka 6 tu, lakini alikuwa amekwisha kuacha watoto wengi waliofanana naye, jambo ambalo wafugaji hulitafuta kuliko vikombe. Hadi wakati huo mbwa hawa waliitwa teria wa Scotland. Mwaka 1870, baada ya maonyesho ya Westmoreland, mwandishi mmoja wa habari aliandika kwamba jina hilo halifai tena, maana wafugaji wa Yorkshire wamemwendeleza mpaka amekuwa mwingine. Jina jipya likashika. Kennel Club ya Uingereza ilimwandikisha mwaka 1874, na Wamarekani wakafuata mwaka 1885.

Baada ya hapo wenye fedha walimpenda, na kila walivyompenda walimtaka mdogo zaidi. Wale wa mwanzo walikuwa wakubwa kuliko Singa. Leo kanuni ya aina hii inasema asizidi kilo 3.2, na riboni imekuwa alama yake kuliko panya. Hata hivyo mwili ulipunguzwa na tabia ikabaki ileile. Hilo ndilo jambo la kwanza ningemwambia mtu yeyote anayetaka kumfuga: unachukua mbwa wa kiwandani aliyebanwa ndani ya kilo tatu, mwenye kusudi, kelele na ushujaa wote wa babu zake, na mifupa myembamba kama penseli.

Nilielewa hivyo masika ya kwanza. Mvua ilipokolea, panya walihamia stoo ya mahindi. Usiku mmoja nilisikia gunia linaanguka. Nilipowasha taa, Singa alikuwa ametoka nyuma ya madebe akiwa ameng'ata panya shingoni; alimtikisa mara mbili, akamweka chini, akarudi gizani kumtafuta mwenzake. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amelelewa kwenye zulia na makochi. Tangu usiku ule tumeacha kabisa sumu ya panya nyumbani, kwa sababu panya aliyekula sumu ni sumu kwa anayemng'ata, na kwa mbwa wa uzito huu kiasi kidogo kinatosha. Daktari alituongezea pia chanjo ya leptospirosi, ugonjwa unaobebwa na mkojo wa panya na kuharibu ini na figo. Mtu naye huupata.

Ukitaka kujua kimo cha roho ya mbwa hawa, sikiliza habari za Yorkie aliyeitwa Smoky. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Kimarekani alimkuta kijibwa jike ndani ya handaki katika msitu wa New Guinea. Namna alivyofika huko ni fumbo hadi leo. Koplo William Wynne wa Cleveland, Ohio, alimnunua kwa pauni mbili za Australia. Smoky alikuwa na uzito wa kilo 1.8 hivi na kimo cha sentimita 18. Alilala hemani na Wynne, akala alichokula askari, akastahimili joto, unyevu na mabomu, akasafiri naye angani.

Mapema mwaka 1945 walikuwa Luzon, Ufilipino, kwenye uwanja wa ndege wa Lingayen. Mafundi walihitaji kupitisha nyaya za simu chini ya njia ya ndege. Palikuwa na bomba lenye urefu wa mita 21 na upana wa sentimita 20, ambalo mchanga ulikuwa umevuja na kujaza baadhi ya sehemu karibu nusu. Bila bomba hilo ingelazimu kuchimba kwa siku tatu, ndege zikiwa zimetolewa nje ya maficho na watu wakiwa wazi kwa mabomu ya Wajapani. Wynne alimfunga Smoky kamba kwenye ukosi, akazunguka hadi mdomo wa pili wa bomba, akamwita. Mbwa aliingia hatua chache, akageuka kutaka kurudi. Wynne akaita tena. Kamba ikakwama, ikakwamuka. Mwishowe akaona macho mawili yanameta ndani ya vumbi, na Smoky akatoka mbio, waya nyuma yake. Vita vilipokwisha walirudi pamoja Cleveland. Smoky alifanya kazi ya kutembelea wagonjwa hospitalini, na alikufa mwaka 1957. Sanamu yake iko Lakewood, jirani na Cleveland, akiwa amekaa ndani ya kofia ya chuma ya askari.

Nimemsimulia baba hadithi hiyo mara nyingi, naye kila mara huuliza swali lilelile: nywele zake zilikuwaje, msituni kule? Nadhani ni swali la haki, kwa sababu nywele ndizo kazi kubwa.

Mbwa wengi wana tabaka mbili, manyoya marefu juu na sufu chini, na tabaka la chini hunyonyoka kwa misimu. Yorkie ana tabaka moja tu. Nywele zake hukua bila kukoma kama za binadamu, huanguka chache, na zinafanana na zetu kuliko za mbwa jirani. Wauzaji hutumia jambo hilo kudai kwamba hasababishi mzio. Si kweli: kinachosumbua wenye mzio kimo pia katika mate na magamba ya ngozi, na mbwa wote wanavyo. Mtoto huzaliwa mweusi mwenye mabaka ya hudhurungi; weusi wa mgongoni hufifia polepole, pengine kwa miaka miwili au mitatu, mpaka uwe rangi ya chuma yenye mng'ao wa buluu. Kichwani na miguuni hubaki rangi ya dhahabu iliyoiva, na hapo pana jambo ambalo baba aliligundua kabla sijalisoma: kila unywele wa dhahabu umekolea shinani, ukafifia katikati, ukafifia zaidi nchani. Kanuni ya wafugaji inadai hivyohivyo.

Tulipompokea nywele zilikuwa zinaburuta sakafuni, kama za mbwa wa maonyesho. Mbwa wa maonyesho hupakwa mafuta na kufungwa vifungu vya nywele katika karatasi siku zote ili zisikatike. Kwa Tanga, kwenye mchanga, joto na upepo wa bahari, hayo ni mateso kwa mbwa na kwa mtu. Wiki ya tatu nilikuta kwapani na nyuma ya masikio zimesokotana mafundo magumu. Mafundo hayo huvuta ngozi kila anapopiga hatua, hushika unyevu, na chini yake ngozi huoza bila mtu kuona. Nilikimbilia mkasi. Baba akaniondolea mkononi.

"Mkasi utakata ngozi kabla ya uzi. Kaa uone."

Alimweka mapajani. Kwa mkono wa kushoto alishika kila fungu shinani, akalibana kabisa, ili kitana kivute vidole vyake badala ya ngozi ya mbwa. Kwa mkono wa kulia alianza nchani, akapanda juu kidogo kidogo. Hakuanzia shinani hata mara moja. Ndivyo wanavyoshika kicha cha singa mbele ya brashi, alisema. Ukianzia shinani unakusanya mafundo yote mahali pamoja na kukata uzi mzuri. Mafundo makubwa aliyapasua kwa vidole. Ilimchukua alasiri nzima, na Singa alilala usingizi.

Siku hizi tunazipunguza, zisizidi sentimita tatu mwilini, na tumeziacha ndefu kichwani kwa sababu baba anazipenda. Hizo za kichwani hufungwa utosini kila asubuhi. Riboni ile si pambo tu: nywele za paji zikiachwa, huingia machoni na kuyachubua, na zile za mdomoni huingia kwenye chakula. Singa huchanwa kila siku dakika kumi, huoga kila baada ya wiki mbili au tatu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mbwa, na hukaushwa mpaka shinani. Kucha hukatwa kila mwezi. Ndani ya masikio hutazamwa kila wiki. Huwa nawaambia marafiki wanaotaka mbwa kama Singa: kama huna dakika kumi za mkono wako kila siku, kwa miaka 13 au 15, mwache.

Meno yanahitaji ukali huohuo. Mbwa mkubwa na mbwa mdogo wote wana meno 42 ukubwani, na taya la Yorkie ni dogo kama kasha la kiberiti. Yanabanana, uchafu unanasa, ukoga unakuwa jiwe, ufizi unarudi nyuma. Mara nyingi meno ya utoto hayang'oki, hasa chonge, kwa hiyo unakuta mawili yamesimama pamoja kwenye tundu la moja. Singa alikuja na harufu ya kinywa ambayo sisi tuliidhania ni ya kawaida kwa mbwa. Daktari alipomfungua mdomo akatuonyesha usaha. Aling'olewa meno sita chini ya nusu kaputi, na siku ya nne alikula kama mbwa ambaye tulikuwa hatujawahi kumwona. Sasa napiga mswaki, ule wa watoto wachanga, kwa dawa ya meno ya mbwa. Dawa yetu haifai. Mbwa haitemi, anaimeza, na zipo zenye zailitoli, kiongeza utamu kinachoweza kuua mbwa haraka.

Shingo yake sikuijua mpaka aliponitisha. Tukiwa matembezini alimwona paka, akavuta kamba, kisha akasimama akitoa sauti kavu ya kukoroma na kupuliza, kama bata bukini. Mbwa wadogo wengi, na Yorkie zaidi ya wengine, wana koo la hewa lenye pete laini. Likibanwa linalala bapa. Ukosi niliutupa siku ileile. Huvaa mkanda wa kifuani, na kamba inashikwa mgongoni. Unene huzidisha tatizo hilo, moshi wa jikoni pia, kwa hiyo alihamishwa kutoka kulala karibu na jiko la mkaa. Magoti nayo yana kasoro ya ukoo: kifuniko cha goti huteleza kutoka kwenye mfereji wake. Utamwona anakimbia, anakunja mguu mmoja wa nyuma kwa hatua tatu, anaunyoosha, anaendelea kama hakuna kitu. Wengine hubaki hivyo maisha yote, wengine huhitaji upasuaji. Kwetu tumeweka kigoda mbele ya kochi ili asiruke.

Juu ya chakula, hesabu ndogo inatosha. Mbwa wa kilo 2.7 hutumia kama kalori 200 kwa siku, kidogo juu au chini kufuatana na pirika zake. Chapati moja ya mafuta inaweza kumaliza mgawo huo wote. Mgeni anayemtupia kipande "kidogo tu" anampa sahani nzima. Singa hula mara mbili, wali kidogo na kuku au samaki aliyechemshwa bila chumvi, mifupa imetolewa, na chakula cha kununua cha mbwa wadogo ili asikose madini. Siku za sikukuu ndizo za hatari. Pilau ina vitunguu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na huko kwetu wengine hutia zabibu kavu, ambazo huua figo. Mafuta mengi kwa mkupuo humletea uvimbe wa kongosho. Sikukuu tunamfungia chumbani, na tunawaomba radhi wageni wenye huruma.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Binti wa dada yangu, anayeishi Dar es Salaam, alimpenda Singa mpaka akaweka akiba ya mwaka mzima anunue wake. Muuzaji alimwambia anao Yorkie wa kipekee, "wa kikombe", bei yao mara mbili kwa kuwa hawatakua. Aliletewa mtoto wa mbwa mwenye ukubwa wa embe dodo. Akaambiwa ana miezi mitatu. Meno yake, daktari alisema baadaye, yalikuwa ya wiki sita. Mtoto wa umri huo na ukubwa huo hana akiba ya sukari mwilini. Akikosa kula kwa saa chache tu, kwa baridi, woga au safari, sukari ya damu hushuka, anatetemeka, analegea, anapoteza fahamu. Binti hakuambiwa hivyo. Alimwacha alale usiku mzima bila chakula, kama anavyolala mtoto yeyote. Alfajiri alimkuta baridi, ufizi mweupe. Alinipigia simu nikamwambia ampake asali kwenye ufizi na akimbie kwa daktari. Alimpaka. Kijibwa kilifumbua macho, kikafa ndani ya bajaji.

Hakuna aina ya mbwa iitwayo ya kikombe. Kuna watoto waliodumaa, waliotengwa na mama mapema, au waliozalishwa kwa kupandisha wale wadogo kupita kiasi kizazi baada ya kizazi. Baadhi hawakui kwa sababu wana ugonjwa ambao Yorkie anao zaidi ya mbwa wengi: mshipa unaopitisha damu pembeni ya ini, hata sumu za chakula zisichujwe. Mtoto wa namna hiyo hudumaa, na baada ya kula nyama huzubaa au huzunguka akigonga kuta. Muuzaji humwita wa kipekee. Rekodi za Guinness ziliwahi kumtaja Yorkie wa Blackburn, Uingereza, mwenye gramu 113. Alikufa mwaka 1945 kabla ya kutimiza miaka 2. Ukienda kununua, mwone mama yake, mpime mtoto kwa mizani yako, angalia kama anakula mwenyewe, na usimchukue kabla ya wiki 8. Kwa hawa wadogo, wiki 12 ni bora. Ukiahidiwa kwamba hatakua, ondoka.

Hapa kwetu kuna hatari nyingine ambayo wafumaji wa Yorkshire hawakuijua. Kupe wa mbwa, yule wa hudhurungi anayejificha kwenye nyufa za ukuta, hueneza magonjwa ya damu yanayoweza kumwua mbwa wa ukubwa wowote. Mwaka wa pili nilimpa kazi kijana anayepita mitaani kuogesha mbwa. Alichanganya dawa ya josho la ng'ombe kwenye ndoo kwa makadirio ya jicho, akamzamisha Singa mpaka shingoni. Kabla ya magharibi alikuwa anayumba, mate yanamtoka, mwili umepoa, na daktari alipoweka kidole pajani alihesabu mapigo ya moyo yaliyo nusu ya kawaida. Aliogeshwa upya kwa sabuni, akafunikwa blanketi, akatundikiwa dripu mpaka asubuhi. Kosa lilikuwa langu; nilimtazama kijana akipima na sikuuliza. Dawa ya kupe hupimwa kwa kilo za mbwa, na kwenye kilo 2.7 hakuna nafasi ya kukadiria. Sasa tunatumia dawa ya matone iliyoandikwa uzito wake, na kila jioni baba hupitisha vidole katikati ya vidole vya miguu yake, masikioni na chini ya mkia, maana huko ndiko kupe huanzia.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa. Wenye mbwa wa ndani huona ni ya mbwa wa nje. Lakini Singa humkabili mbwa yeyote anayepita langoni, hata mwenye uzito mara kumi yake, na ugonjwa huu dalili zikishaanza hakuna tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kampeni nyingi hupangwa kuzunguka tarehe 28 Septemba, na huwa nampeleka kwenye foleni pamoja na mbwa wa mtaa, amebebwa kifuani asikanyagwe.

Mtaa wetu una Waislamu wengi, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Yakigusa chombo kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwenye mbwa analazimika kuliheshimu hilo bila kusubiri kuambiwa. Singa hatoki bila kamba, vyombo vyake havichanganywi, na jirani akiingia uani anafungiwa kwanza. Bibi wa nyumba ya pili alikuja siku moja tulipochelewa msibani Muheza. Nilirudi nikakuta bakuli la Singa limejaa maji, na ndoo ya bibi imewekwa mbali, hatua tatu kutoka langoni.

"Shikamoo bibi. Umemnywesha?"

"Marahaba. Nimemmiminia kwa mbali, mwanangu. Alikuwa anahema. Hujasikia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, Mungu akamsamehe?"

Nilikuwa nimeisikia. Sikuwa nimemwona mtu akiitenda.

Baba ana miaka 81 sasa. Vidole vyake vimekunjamana na hawezi kushika kalamu sawasawa, lakini kitana anakishika. Kila alasiri Singa hujipeleka mwenyewe barazani na kusimama mbele ya kiti chake. Nywele zinazobaki kwenye kitana hazitupi. Huziweka kwenye kopo la kahawa. Wiki iliyopita nilimkuta amekunja msuli hadi gotini, anazisokota pajani kwa kiganja kama walivyokuwa wakisokota kamba za mkonge zamani, shingo imeinama, Singa amelala juu ya kandambili zake. Uzi ulikuwa umefika urefu wa mkono, mwembamba, wa dhahabu upande mmoja na wa chuma upande wa pili. Alinipa ncha nishike, akavuta.

"Vuta na wewe," alisema. "Haukatiki."